Nathi haioti, haikui, haizai: kusoma dalili kwenye ndoo na bustani ndogo

Nathi, mmea wa lile tunda dogo linalokaa ndani ya kifuko kama karatasi, haifi upesi, lakini kuzaa ni habari nyingine. Ile iliyojiotea kando ya shamba la viazi kule Limuru au Lushoto huzaa bila kuguswa na mtu. Ile iliyopandwa kwenye ndoo, ikatiwa samadi na kumwagiliwa kila asubuhi, inaweza kumaliza miezi saba ikiwa na majani mapana na haina tunda hata moja. Lawama hupewa wadudu, na mwenye mmea hukimbilia duka la pembejeo. Ukweli ni kwamba kwa nathi ya nyumbani, joto, naitrojeni iliyozidi na ndoo iliyobana mizizi huharibu mavuno kuliko wadudu wote wakijumlishwa, na hakuna dawa ya kupulizia inayoondoa hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Vikague kwanza. Bomba la dawa liwe la mwisho.

Kwanza, una nathi gani?

Dalili ileile huwa na maana tofauti kwa aina tofauti, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Nathi ya milimani ni Physalis peruviana, ambayo Uganda huitwa ntuntunu na Rwanda intumbaswa. Jani lake lina umbo la moyo na vinyweleo laini kama mahameli. Ua ni la njano lenye madoa matano ya zambarau iliyokoza ndani, na tunda la rangi ya machungwa hukaa ndani ya kifuko kinachokauka kikawa kama karatasi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na bado hupenda hali ya huko: mchana wa nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi na usiku wa baridi kiasi, bila sakitu, yaani umande ulioganda. Hufika mita 1 hadi 1.5, na ikipewa mti wa kuegemea huzidi hapo.

Nathi fupi ni Physalis grisea, ambayo pakiti nyingi za mbegu bado huiandika Physalis pruinosa. Aina yake inayopatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa mtandaoni ni Aunt Molly's. Haizidi sana sentimita 60, hutambaa kwa upana, matunda yake ni madogo na huanguka chini yenyewe yanapokaribia kuiva. Huvumilia joto kuliko ile ya milimani na huiva mapema zaidi, siku 65 hadi 75 tangu kupandikizwa.

Mmea mwororo usio na vinyweleo, wenye shina la pembepembe na ua dogo la njano iliyopauka, unaoota wenyewe kwenye viwanja vya pwani, ni jamaa yao wa mwituni, Physalis angulata. Mbegu zake zikiingia kwenye trei yako pamoja na udongo wa bustani, utapandikiza gugu kwa heshima zote. Na kama kifuko kimejaa hadi kupasuka kwa tunda la kijani linalonata, hilo ni tomatiyo la Wameksiko, Physalis philadelphica, ambalo halizai likiwa peke yake. Linahitaji miche miwili. Nathi zote mbili tulizotaja juu huzaa hata ikiwa na mche mmoja tu.

Mbegu hazijaota

Hesabu siku kabla ya kukata tamaa. Udongo ukiwa na nyuzi 21 hadi 27, vichwa huanza kuonekana kati ya siku ya 7 na ya 15. Kwenye baridi ya Juni na Julai huko Limuru au Njombe, wiki tatu hadi nne si ajabu. Trei isimwagwe kabla ya siku ya 30.

Ikiwa muda umepita, mshukiwa wa kwanza ni kina. Mbegu za nathi ni ndogo mno, gramu moja ina takriban mbegu 1,000, na kimche kilichofukiwa sentimita moja hakina akiba ya kukifikisha juu. Mwaga mbegu juu ya udongo uliolowa, kisha chekecha udongo mkavu juu yake kwa chujio la chai hadi mbegu zisionekane, yaani milimita 2 au 3. Usishindilie.

Mshukiwa wa pili ni ukavu wa saa chache. Tabaka hilo jembamba hukauka adhuhuri moja, na mbegu iliyokwisha kupasuka ikikauka haifufuki. Funika trei kwa nailoni angavu au kioo, iweke kwenye mwanga usio na jua kali, na nyunyiza kwa chupa ya kupulizia. Kifuniko kiondoke siku ileile mche wa kwanza unapotokeza. Kuchelewa siku mbili ndiko kunakoleta ugonjwa unaofuata hapa chini.

Kama si kina wala ukavu, pima mbegu zenyewe. Weka mbegu 20 kwenye karatasi ya tishu iliyolowa, zikunje, zitie ndani ya kikopo chenye kifuniko, na ukiache mahali penye joto dogo, kwa mfano juu ya friji. Siku ya 14 hesabu zilizochipua. Zikiwa 15 au zaidi, tatizo liko kwenye trei yako. Zikiwa chini ya 8, tafuta mbegu nyingine badala ya kuzidisha hizo.

Mbegu za tunda la sokoni hufaa kabisa, mradi tunda liwe limeiva hadi rangi ya machungwa na kifuko kimekauka. Wengi hukosea hapa: huchukua lililo na ujani kidogo kwa kuwa ndilo lililobaki, na mbegu zake hazijakomaa. Ponda matunda matano ndani ya gilasi, ongeza maji mara mbili ya ujazo wake, acha siku moja au mbili hadi utelezi ulainike, kisha koroga. Zinazoelea ni tupu, mwaga pamoja na nyama. Zilizozama suuza kwenye chujio na uanike kivulini juu ya sahani kwa siku nne au tano. Usianike juu ya karatasi, zitaganda nayo. Matunda hayo matano yatakupa mbegu za kutosha kugawia mtaa mzima, kwani tunda moja hubeba 100 hadi 300.

Kuna chanzo kimoja ambacho watu hukigundua wakiwa wamechelewa: sisimizi. Ukiona vijishimo vidogo kwenye trei na mstari wa wasafiri ukingoni, mbegu zimehamishwa. Simamisha trei juu ya makopo manne yaliyosimama kwenye sahani za maji.

Miche inalala, shina limenyong'onyea usawa wa udongo

Hiki ni kinyausi. Shina hugeuka kama uzi uliolowa pale linapotoka ardhini, mche unaanguka ungali na majani mabichi. Husababishwa na vimelea wa ukungu wanaoishi kwenye udongo, na hushamiri pakiwa na maji mengi, msongamano, hewa iliyosimama na samadi mbichi.

Mche ulioanguka hauokoki. Ng'oa pamoja na kijiko cha udongo ulioizunguka mizizi yake, kisha fanya mambo mawili siku hiyohiyo: ondoa kifuniko, na uache kumwagilia kwa juu. Kuanzia hapo trei inyweshwe kwa kuisimamisha kwenye beseni lenye maji ya sentimita mbili kwa dakika 15, halafu iachwe hadi uso wake upauke. Punguza miche kwa mkasi hadi iachane sentimita 2 hivi.

Kwa trei ijayo, changanya sehemu moja ya udongo wa juu wa msituni, moja ya mboji iliyochekechwa na moja ya mchanga wa mto uliooshwa, kisha mwagia maji yanayochemka hadi yatiririke chini, na usubiri yapoe. Mbolea yoyote ya ziada kwenye trei ya mbegu ni hasara tupu. Mche hauna haja nayo hadi utoe majani mawili halisi, yaani yale yanayofuata majani ya mbegu.

Miche ni mirefu na dhaifu, au imesimama tu

Mche mrefu wenye majani yaliyoachana sana umekosa mwanga. Dirisha la jikoni halitoshi. Usogeze nje hatua kwa hatua: saa mbili za jua la asubuhi siku ya kwanza, ukiongeza saa moja kila siku. Mche uliokwisha kurefuka haupotei. Unapouhamisha, ufukie hadi karibu na majani ya kwanza, nao utatoa mizizi kwenye shina kama nyanya.

Mche uliosimama ni suala jingine. Nathi ya milimani huanza polepole sana. Nyanya zilizopandwa siku moja nayo zitakuwa zinafungwa kamba wakati yenyewe ingali na majani manne. Hiyo si dalili ya kitu. Lakini majani yakiwa na zambarau upande wa chini, mizizi inakosa fosforasi, mara nyingi kwa sababu udongo ni wa baridi na wala si kwa sababu fosforasi haipo. Inua trei kutoka kwenye sakafu ya saruji, na zambarau itapungua kwenye majani mapya.

Hamishia kwenye vikombe vya mtindi vilivyotobolewa miche ikiwa na majani mawili halisi, kisha mahali pa kudumu ikifika sentimita 15, kwa kawaida wiki ya 6 hadi ya 8. Ikikatwa usiku usawa wa udongo na kuachwa imelala pale pale, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua sentimita tatu kuzunguka shina asubuhi, utamkuta amejikunja. Kipande cha chupa ya plastiki chenye urefu wa sentimita 7, kikizungushwa shina na kuzamishwa sentimita 3, humzuia kabisa.

Mmea mkubwa, tunda hakuna

Hapa ndipo malalamiko mengi yalipo, na jibu hutegemea mmea umekwama hatua gani. Kwa hiyo usiulize kwa nini hauzai. Uliza kama kuna maua, kama maua yanabaki, na kama vifuko vinajaa.

Angalia kalenda kwanza. Nathi ya milimani hutoa maua ya kwanza takriban siku 65 hadi 75 baada ya kupanda mbegu, na kila tunda huchukua siku nyingine 60 hadi 80 kutoka ua hadi kuiva. Ukiongeza baridi ya nyanda za juu, kutoka mbegu hadi mdomoni ni miezi mitano au sita. Mmea wa miezi mitatu usio na tunda uko kwenye ratiba yake. Wasomaji walioko Uingereza, Kanada au kaskazini mwa Marekani wanaumizwa zaidi na kalenda hii: wasipootesha mbegu ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya sakitu ya mwisho, au mapema zaidi kwa ile ya milimani, mmea unafikwa na baridi ukiwa umejaa vifuko vya kijani. Kwao nathi fupi ndiyo chaguo la busara.

Hakuna maua kabisa, umri umetimia. Tazama majani. Yakiwa ya kijani kibichi kilichokoza, makubwa kuliko kiganja, na nafasi kati ya jani na jani ni ndefu, mmea umelishwa naitrojeni kupita kiasi. Samadi ya kuku ndiyo mkosaji mkuu, ikifuatiwa na urea na maji ya samadi yanayomiminwa kila wiki kwa nia njema. Acha kulisha kabisa. Kwenye ndoo, mimina maji taratibu mara mbili ya ujazo wa ndoo ili yaoshe udongo na kutoka chini, mara moja tu, kisha uache ukauke. Usipogoe kwa hasira. Kukata vichwa kunazidisha machipukizi ya majani. Maua huanza wiki tatu hadi tano baadaye. Kanuni ya kudumu kwa ndoo ya lita 20 ni sehemu tatu za udongo wa kawaida, moja ya mboji na moja ya mchanga, basi. Maua yakianza, kijiko kimoja cha mezani cha majivu ya kuni kwa mwezi huongeza potashi. Kisizidi kimoja, kwa sababu majivu hupunguza uchachu wa udongo na kuusogeza upande wa chokaa na mmea huanza kupauka. Na usiyachanganye na urea au samadi siku moja, naitrojeni itapotea hewani.

Majani yakiwa ya kawaida lakini maua hayapo, hesabu saa za jua. Chini ya saa sita kwa siku, nathi hupendelea kurefuka. Baraza linalotazama ukuta wa jirani halifai, hata likipendeza vipi.

Maua yapo, lakini yanaanguka na kikonyo chake. Joto. Mchana ukizidi nyuzi 30 na usiku usipopoa, chavua hudhoofika na ua huachiliwa. Ndiyo maana nathi ya milimani hukua vizuri Dar es Salaam, Tanga au Mombasa na kuishia kuwa kichaka. Njia pekee ya kuizalisha pwani ni kuyalenga maua yaangukie miezi ya Juni hadi Agosti: panda mbegu mwishoni mwa Machi, maua yaje Juni, matunda Agosti na Septemba. Kivuli cha wavu kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa husaidia kidogo. Ukipanda Septemba, unapanda kwa ajili ya majani. Anayeishi pwani na anataka matunda bila mahesabu haya apande nathi fupi.

Kiu huangusha maua pia. Ndoo iliyokauka hadi majani yakalala, hata mara moja, hupoteza maua ya wiki hiyo nzima.

Maua yanakauka yakiwa bado yameshikilia. Chavua haikutembea. Ua la nathi hujichavusha lenyewe, ila linahitaji kutikiswa, na nje kazi hiyo hufanywa na upepo na nyuki. Kwenye roshani ya ghorofa iliyozibwa kwa vioo hakuna upepo wala nyuki. Gonga shina kwa kidole mara nne au tano, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, siku zisizo na unyevu mwingi, na urudie kila siku maua yanapokuwapo.

Vifuko vipo, vikiminywa ni vitupu. Usivichume. Kifuko hufikia ukubwa wake wiki chache tu baada ya ua, tunda likiwa bado na ukubwa wa punje ya pilipili manga. Litajaza nafasi baadaye. Kikiwa kimekauka na bado ni kitupu, kiinue kwenye mwanga: tundu dogo la mviringo na uchafu mweusi ndani ni alama ya funza wa matunda, Helicoverpa armigera. Chuma vyote vyenye tundu na uvitumbukize kwenye maji ya sabuni. Ukiviacha chini, funza anaingia ardhini kujigeuza na kurudi akiwa nondo.

Mmea unanyauka

Jambo la kuuliza ni saa ngapi. Ukinyauka saa nane mchana na kuamka saa kumi na mbili jioni, hiyo ni joto na majani mengi kuliko mizizi. Ingiza kidole sentimita tano. Kukiwa na unyevu, usimwagilie. Ipe kivuli ndoo yenyewe. Ndoo nyeusi au dumu la bluu likipigwa jua la magharibi huchemsha mizizi ya pembeni. Lizungushie gunia, au lipake chokaa nyeupe.

Ukinyauka mchana kila siku na ndoo ni ya lita 5 au 10, mizizi imejaa. Nathi ya milimani inahitaji lita 20, nathi fupi lita 10. Gonga ndoo pembeni, uchomoe bonge: ukiona ukuta wa mizizi inayozunguka, hamisha jioni, kata theluthi moja ya matawi ili yalingane na mizizi iliyobaki, na uweke kivulini siku tatu. Hakikisha ndoo mpya ina matundu sita hadi manane ya unene wa kidole kidogo, yakiwemo mawili pembeni karibu na kitako, kwa maana yale ya chini huziba ndoo ikikaa kwenye sakafu. Kokoto za kuweka chini hazisaidii kutoa maji. Zinakula nafasi ya mizizi tu.

Ukinyauka asubuhi, udongo ukiwa na maji, hali ni mbaya zaidi. Kata shina karibu na ardhi na ulining'inize ndani ya gilasi ya maji safi. Uzi mweupe wa maziwa ukitiririka kutoka kwenye kidonda ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna tiba. Mmea uchomwe, udongo wote uondoke mbali na nyanya, biringanya, pilipili na viazi, na ndoo isuguliwe kwa dawa ya madoa ya klorini iliyozimuliwa. Gilasi ikibaki safi, ng'oa mzizi uutazame. Vinundu kama shanga kwenye mizizi ni minyoo fundo. Mizizi ya kahawia inayochubuka ikivutwa ni maji yaliyozidi.

Udongo uliotoka kwenye nyanya au viazi usitumike tena kwa nathi, wote ni ukoo mmoja. Kama huna mwingine, ulowanishe, uusambaze unene wa sentimita 15 hadi 20, uufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, na uuache kwenye jua kali wiki sita. Kwenye nyanda za juu zenye mawingu njia hii haifiki mbali. Afadhali utafute udongo mpya.

Majani yana kasoro

Majani ya chini yanayogeuka njano mmoja mmoja, mmea ukiwa umebeba matunda, ni uzee na njaa kidogo. Ongeza konzi mbili za mboji juu ya udongo. Njano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, kwenye majani yaleyale ya chini, ni upungufu wa magnesi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom kwa lita moja ya maji, mara mbili kwa mwezi.

Majani yenye vitone vya njano vilivyosambaa, yanayokuwa kama shaba na kushikwa na utando mwembamba, yana utitiri mwekundu. Hupenda kiangazi na vumbi, na vinyweleo vya jani la nathi hushika vumbi kwa uzuri sana. Osha upande wa chini wa majani kwa mpira wa maji kila baada ya siku mbili kwa wiki moja kabla ya kununua chochote. Vidukari na nzi weupe huondolewa kwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jioni, upande wa chini, kila siku tano hadi saba. Jaribu jani moja kwanza. Sabuni kali ya kuoshea mafuta huunguza. Mwarobaini hufaa pia: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa, zilale ndani ya lita moja ya maji usiku kucha, chuja, pulizia siku hiyohiyo.

Njia nyeupe zilizopindapinda zinazopanuka kuwa mabaka makavu zaweza kuwa kantangaze, kiwavi anayechimba ndani ya majani ya nyanya, hasa kama jirani ana nyanya. Chuma majani hayo mapema. Madoa ya mviringo yenye kitovu cha kijivu ni ukungu wa majani unaofuata mvua ndefu: ondoa majani yote ya sentimita 20 za chini, mwagilia udongoni, na uache mita moja kati ya mche na mche kitaluni. Unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga. Tiba ni hewa na jua, na kung'oa jani lililoanza.

Majani mapya yaliyokunjamana, yenye mabaka ya kijani iliyokolea na kupauka kwa zamu, mmea ukidumaa, ni batobato, ugonjwa wa virusi. Ng'oa. Usichukue hata tawi la kupandikiza kutoka kwake.

Tunda limepasuka, limeanguka, au ni chungu

Kupasuka hutokana na kiu kikifuatiwa na maji mengi. Mvua kubwa baada ya kiangazi hupasua nusu ya matunda yaliyokaribia kuiva, nayo huvunda ndani ya kifuko. Weka matandazo ya nyasi kavu sentimita tano, na mwagilia kila siku kiasi kilekile: mmea uliokomaa kwenye ndoo ya lita 20 hunywa lita 1.5 hadi 2 wakati wa kiangazi. Ikitabiriwa mvua, chuma yote yenye kifuko cha njano.

Kuanguka kwa nathi fupi ni tabia yake. Tandika gunia au wavu chini na uokote kila asubuhi kabla ya kuku. Lililoanguka likiwa na rangi ya njano ya kijani liache ndani ya kifuko kwa siku tatu hadi saba ndani ya nyumba. Kwa nathi ya milimani, kuanguka na kifuko cha kijani ni kiu au joto.

Uchungu mara nyingi hutokana na utando unaonata juu ya ngozi, ambao huisha kwa kuosha kwa maji vuguvugu. Uchungu unaobaki baada ya kuosha ni onyo: tunda halijaiva. Nathi ya kijani, kifuko, majani na mashina yana sumu ya ukoo wa nyanya na viazi, na watoto waambiwe wazi kwamba huliwa lile la rangi ya machungwa peke yake. Ladha ya maji isiyo na uchungu wala utamu ni jambo jingine, nalo hutokana na kumwagilia kupita kiasi wiki mbili za mwisho au kivuli.

Matunda makavu yasiyopasuka, yakiachwa ndani ya vifuko na kutandazwa safu moja kwenye kikapu chenye hewa, hukaa wiki kadhaa bila friji. Yakiota ukungu, yalichumwa yakiwa na umande. Chuma baada ya saa nne asubuhi.

Mavuno yamepungua mwaka wa pili

Kwenye nyanda zisizo na sakitu, nathi ya milimani huishi miaka kadhaa, lakini matunda huwa madogo kadiri mashina yanavyozeeka. Baada ya mavuno makubwa ya kwanza kwisha, kata matawi yote hadi sentimita 20 au 30 kutoka ardhini, ondoa sentimita tano za udongo wa juu, jaza mboji mahali pake, na uchague machipukizi manne au matano yenye nguvu. Yafunge kwenye mti wa mita 1.5 kwa kamba iliyolegea, kwani tawi la nathi lililobeba huvunjika kwenye panda lake hata kwa upepo mdogo. Yakishazaa tena, mmea huo umetimiza kazi. Andaa mche mpya miezi miwili kabla, na okota matunda yote yaliyoanguka chini kabla ya mvua, la sivyo msimu ujao utapalilia nathi badala ya kuzichuma.